Chelezo Kisichoelea: Rai kwa Watunzaji wa Maneno

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu shule ya msingi tumeikariri methali hii, na wengi wetu tumeitumia kupambia insha. Sina nia ya kuipinga. Nia yangu ni kudai kwamba zama hizi za tarakilishi zimeizalia methali hiyo ndugu ambaye wahenga hawakumjua: daftari lipo, limetunzwa, tena limenakiliwa mara tatu, lakini siku ya kulihitaji hapana awezaye kulifungua, na mali hupotea vilevile, mbele ya macho ya wenyewe.

Makala hii inahusu nakala za akiba za hifadhidata, yaani zile faili ambazo baadhi ya watafsiri wa programu za tarakilishi wameziita vyelezo. Yamkini msomaji wa jarida hili atashangaa na kuuliza: je, haya si mambo ya wenzetu wa sayansi ya tarakilishi? Namwomba anivumilie. Hoja yangu ni moja tu. Chelezo ambacho hakijawahi kujaribiwa kwa kurejeshwa si chelezo. Na kazi ya kukijaribu, inapokuwa data ni ya lugha, ni yetu sisi wanalugha kabla ya kuwa ya fundi yeyote. Nitaieleza hoja hiyo kwa kuanzia na yaliyotupata sisi wenyewe chamani.

Maneno ya Theta

Mwaka 2019 kikundi cha wanachama kilianza kukusanya maneno ya kazi kati ya Ruiru na Thika: katika mashamba ya kahawa, katika machimbo ya mawe ya Theta na Juja, na katika soko la Thika. Sababu ilikuwa wazi. Jina la Ruiru limeenea duniani kwa ajili ya kahawa, kwani aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ilitolewa na kituo cha utafiti cha hapa mwaka 1985. Lakini mashamba yenyewe yamekuwa yakikatwa viwanja vya nyumba mwaka hadi mwaka, na wengi wa wachumaji tuliozungumza nao walikuwa wazee. Shamba likishauzwa, maneno yake hayahamii katika ghorofa linalojengwa juu yake.

Tulichokipata kilitufurahisha. Kamusi zetu hutwambia kwamba mbuni ni mti uzaao buni, na pia ndege mkubwa asiyeruka. Kwa wachumaji wa Ruiru, mbuni ni kahawa yenyewe iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kupitia kiwandani kuoshwa, kahawa yenye bei ya chini. Katika machimbo, ndarugo si jina la mahali tu bali ni jina la jiwe la kujengea. Mtu huagiza ndarugo kama aagizavyo saruji. Aidha, tuliandika jinsi maneno ya Kigĩkũyũ yanavyoingia katika Kiswahili cha kazini na kutoka yakiwa yamebadilika, tukihakikisha kwamba kila ĩ na kila ũ imeandikwa ipasavyo, kwa kuwa katika lugha hiyo herufi hizo hutofautisha maana.

Mmoja wa waliotusaidia alikuwa mchumaji wa zamani, nyanya tuliyemwita Shosho kama walivyomwita wajukuu wake. Mapema mwaka 2020 alikaa nasi mchana mzima akitueleza neno moja tu, kung'oa: mibuni ilivyong'olewa, nani aliamua, wanawake wa mashambani walisema nini siku hiyo, na jinsi neno hilo lilivyotumika baadaye kwa mtu aliyehamishwa nyumba. Tuliyaandika yote katika hifadhidata ya chama.

Mwezi Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya janga la korona. Tuliporejea mwaka uliofuata, tarakilishi ya chama haikuwaka tena. Hatukuwa na wasiwasi. Tulikuwa na vyelezo vitatu.

Faili tatu, kasoro tatu

Faili ya kwanza, ya Novemba 2019, ilikuwa na mkia wa .sql. Ukiifungua kwa kihariri cha matini, ilisomeka bila taabu: ni orodha ya amri za kuunda jedwali na kuingiza maneno. Hata hivyo, MySQL iliikataa katika mstari wa kwanza kabisa. Baada ya kuhangaika sana tuligundua kwamba mwenzetu aliyeitoa alitumia dirisha la amri la Windows liitwalo PowerShell, akayaelekeza matokeo kwenye faili kwa alama ya mshale. Katika toleo la PowerShell linalokuja na Windows yenyewe, mshale huo huandika faili kwa usimbaji wa UTF-16, ambamo kila herufi ya kawaida huchukua baiti mbili; nayo MySQL haipokei faili ya namna hiyo. Jicho la binadamu halioni tofauti, lakini mashine inaiona. Tuliihifadhi upya kwa UTF-8, ikakubali. Kila ũ ilikuwa imegeuka vichoro viwili visivyo na maana, lakini kwa kuwa ilikuwa imegeuka vichoro vilevile kila mahali, na ĩ vivyo hivyo kwa vichoro vyake, tuliweza kuzirudisha herufi zetu moja baada ya nyingine.

Faili ya pili, ya Januari 2020, ilikuwa na mkia wa .bak. Mkia huu hutumiwa sana na SQL Server ya kampuni ya Microsoft, basi tukapoteza juma zima tukijaribu kuirejesha kwa programu hiyo. Ilikataa, na ilikuwa na haki. Mtu mmoja mwenye busara alitushauri tusiulize jina la faili, bali tuitazame mwanzo wake. Baiti mbili za kwanza zilikuwa 1F na 8B, ambayo ni alama ya faili iliyobanwa kwa gzip. Kumbe ilikuwa matini ya SQL iliyobanwa, kisha mtu akaipa mkia alioupenda. Tulipoifumua ilirejea bila kulalamika, na mstari wake wa mwisho ulithibitisha kwamba imekamilika. Tukashangilia. Kisha tukatazama maneno yenyewe. Mahali palipokuwa na mũgũnda palisomeka m?g?nda, Mũrang'a ilikuwa M?rang'a, Gĩkũyũ ilikuwa G?k?y?. Faili ilitolewa kwa usimbaji wa zamani wa Latin-1, ambao una herufi za Kifaransa na Kijerumani lakini hauna ĩ wala ũ. Herufi isiyo na mahali pake hugeuzwa alama ya kuuliza, na alama hiyo ni ileile kwa zote mbili. Hapa hapakuwa na dawa. Vile vichoro vya faili ya kwanza vilikuwa kama nguo iliyovaliwa nje-ndani, ambayo hugeuzwa ikavaliwa sawasawa. Alama ya kuuliza ilikuwa tundu lililochomwa na moto.

Faili ya tatu, ya Machi 2020, ndiyo iliyokuwa na kila kitu. Haikutolewa kwa chombo cha kawaida cha MySQL bali kwa programu fupi aliyojiandikia mwanachama mmoja, kijana mwerevu ambaye simlaumu kwa jambo lolote isipokuwa moja: alisahau kwamba Kiswahili kina ng'. Katika lugha ya SQL, neno huwekwa kati ya alama mbili zinazofanana kabisa na kiapostrofi chetu. Programu inapokutana na kiapostrofi cha ndani ya neno bila kukingwa, hudhani kwamba neno limekwisha. Chombo cha kawaida hukikinga kiapostrofi hicho chenyewe. Programu ya mwenzetu haikufanya hivyo. Urejeshaji ulianza vizuri kwa herufi A, ukaendelea kwa B, ukafika kwenye neno chang'aa, ukaanguka. Tulicheka siku hiyo tukisema kwamba kamusi yetu imelewa.

Kicheko hicho hakikudumu. Ili kazi iendelee, mmoja wetu aliiamuru programu ipuuze makosa na kusonga mbele. Ilitii. Ilifika mwisho, haikulalamika sana, na jedwali likaonekana limejaa tele. Kwa kuridhika na matokeo, alifuta faili ya asili katika flashi diski ili kupata nafasi ya picha za sherehe ya chama. Baada ya mwezi mmoja hivi mhadhiri wetu alitafuta neno kung'oa, hakulipata. Akatafuta ng'ombe, kung'ata, mang'amuzi, hapakuwa na hata moja. Programu ilikuwa imefanya ilivyoagizwa: imepuuza kila mstari wenye ng', pamoja na baadhi ya majirani zake. Maneno ya Novemba na Januari tuliyapata tena katika zile faili mbili za mwanzo, yakiwa na makovu. Yale ya miezi miwili ya mwisho yalikwenda. Maelezo ya Shosho yalikuwa miongoni mwayo.

Kwa nini jambo hili ni letu

Nimeyasimulia haya kwa urefu ili msomaji aone ni kitu gani hasa kilichovunjika. Diski zilikuwa nzima, umeme haukuwa tatizo, wala hapakuwa na mwizi wala kirusi. Kilichovunjika ni mahali ambapo lugha hukutana na muundo wa faili: kiapostrofi cha ng', na alama ndogo juu ya ũ na ĩ. Fundi asiyejua Kiswahili atalitazama jedwali lililorejeshwa na kuhesabu mistari. Ataona maelfu ya maneno na kusema kazi imekwisha. Mwanalugha ndiye atakayeuliza: ng'ombe wako wapi? Swali hilo haliulizwi na mashine yoyote, wala halifundishwi katika kozi ya tarakilishi.

Tena, jambo lenyewe si geni katika taaluma yetu kama linavyoonekana. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor waliyakusanya mwishoni mwa karne ya 19, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Kwa miongo kadhaa chelezo cha mashairi hayo kilikuwa vichwa vya watu wa Mombasa na karatasi za hati ya Kiarabu. Nayo hati ya Kiarabu, kwa namna ilivyozoeleka kuandikiwa Kiswahili, ilitumia alama moja kwa i na e, na alama moja kwa u na o. Aliyezigeuza hati hizo kuwa za Kirumi alilazimika kuamua, irabu baada ya irabu, mshairi alikusudia nini. Wahadhiri wetu hutumia masaa mengi wakitufundisha ugumu huo, na wanafanya vyema. Je, ile alama ya kuuliza iliyokaa mahali pa ĩ na ũ ina tofauti gani na irabu isiyojulikana katika hati ya kale? Tofauti ni kwamba mwandishi wa hati ya kale alikuwa akitumia alama alizokuwa nazo, ilhali sisi tulikuwa na alama zote tukazitupa kwa uzembe.

Naomba pia niseme neno kuhusu istilahi yenyewe. Kuna wanaopendelea nakala rudufu, na wengine nakala ya akiba. Mimi naliunga mkono neno chelezo, na sababu yangu ni ya kimaana. Katika lugha ya bahari chelezo ni boya, kitu kinachoelea. Rudufu inatwambia tu kwamba kitu kiko mara mbili. Akiba inatwambia kwamba kimewekwa. Chelezo peke yake ndilo linalotaja kazi inayotarajiwa siku chombo kinapozama. Boya halisifiwi kwa kuwa limo ndani ya jahazi. Husifiwa kwa kuelea. Na boya ambalo halijawahi kutiwa majini, nani ajuaye kama linaelea?

Majibu kwa wenye shaka

Kuna watakaosema kwamba makosa yetu ni ya wanafunzi, na kwamba wataalamu hawafikwi na mambo kama hayo. Nawakumbusha yaliyotokea Januari 31, 2017 katika kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake hasa ni kutunza programu za watengenezaji wa programu duniani kote. Mhandisi mmoja, katika juhudi za usiku za kutatua tatizo, alifuta data katika seva isiyostahili. Walipovikimbilia vyelezo waligundua kwamba chombo cha kutoa nakala kilikuwa cha toleo la zamani, PostgreSQL 9.2, ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kilikuwa kimeshindwa kila siku bila mtu kujua, na barua za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya data ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono takriban saa sita kabla, kwa ajili ya jambo jingine. Kampuni hiyo, kwa uungwana unaostahili kuigwa, ilieleza kila kitu hadharani. Ikiwa mabingwa walikosa kujaribu, sisi ni akina nani tusijaribu?

Wengine watasema tuchapishe kila kitu katika karatasi, tuachane na tarakilishi. Hoja hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1986 shirika la BBC liliandaa rekodi kubwa ya maisha ya Waingereza, kwa kuadhimisha miaka 900 ya daftari la sensa la mwaka 1086 liitwalo Domesday. Rekodi hiyo mpya iliwekwa katika diski za leza zilizohitaji mashine maalumu. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 21 mashine hizo zilikuwa adimu, na wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kufanya kazi kubwa ili zisomeke tena. Daftari la 1086 bado lilikuwa likisomeka. Basi nakubali: kilicho muhimu sana kichapishwe. Lakini karatasi haitafutiki kwa neno, haipangiki upya, na haiwezi kutumwa Dodoma au Zanzibar kwa dakika moja. Funzo la Domesday halikuwa kwamba tarakilishi ni mbaya. Funzo ni kwamba muundo uliofungamana na mashine moja hufa na mashine hiyo.

Kundi la tatu litasema kwamba siku hizi data huwekwa kwa makampuni makubwa mtandaoni, nayo hayapotezi kitu. Huenda hayapotezi, lakini hulinda kile ulichokiweka, kwa hali uliyokiweka. Ukiwapa m?g?nda watakutunzia m?g?nda milele. Isitoshe, akaunti ya chama huwa katika simu ya katibu, na katibu huhitimu akaenda zake na nywila.

Mwisho, wapo watakaosema kwamba hili si jambo la dharura. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, haitosheki na kuhifadhi tu. Inataja uwezo wa kurejesha data za watu kwa wakati pindi ajali inapotokea. Orodha ya wanachama, ada zao na nambari zao za simu ni data za watu. Kwa hiyo chama kisichojaribu vyelezo vyake kinajiweka pabaya hata mbele ya sheria, mbali na mbele ya dhamiri.

Tufanye nini

Sipendi makala zinazolalamika na kuishia hapo. Napendekeza mambo matano, yote yakiwa ndani ya uwezo wa chama kisicho na fedha.

Kwanza, kila hifadhidata itolewe kwa namna mbili: kwa muundo wa programu yenyewe, ili irejee upesi pamoja na mahusiano ya majedwali yake, na kwa matini tupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kwa usimbaji wa UTF-8, ili hata programu hiyo ikifa maneno yasomeke kwa kihariri chochote. Namna ya pili ni ya kizamani, na hiyo ndiyo sifa yake.

Pili, kila chelezo kiambatane na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili: ni programu gani, toleo gani, usimbaji gani, amri gani ilikitoa, na amri gani itakirejesha. Toleo si jambo dogo. Nakala iliyotolewa na MySQL 8.0 yaweza kukataliwa na toleo la 5.7 kwa sababu tu mpangilio wa herufi unaotajwa ndani yake haukuwapo zamani. Nayo PostgreSQL ina nakala za matini, ambazo hurejeshwa kwa psql, na za muundo wake maalumu, ambazo hurejeshwa kwa pg_restore. Ukikosea, kila kimoja kitakuelekeza kwa mwenzake, nawe usiyejua utadhani faili imeharibika.

Tatu, tusiamini mkia wa faili. Mkia ni jina, na jina hupewa na yeyote. Mwanzo wa faili ndio kitambulisho chake: nakala ya muundo maalumu ya PostgreSQL huanza kwa herufi PGDMP, faili ya SQLite huanza kwa maneno yanayoitaja SQLite, faili ya zip huanza kwa PK, na ile ya gzip kwa baiti nilizozitaja. Mwisho wa faili nao utazamwe: chombo cha mysqldump, kwa kawaida, huandika mstari wa kuthibitisha kwamba kazi imekamilika. Huku kwetu umeme hukatika, na hatujasahau Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima ilipokuwa gizani. Faili isiyo na mstari huo huenda ilikatwa katikati.

Nne, na hili ndilo nililoliandikia makala hii, kila muhula chelezo kirejeshwe katika tarakilishi nyingine, tupu, na mtu ambaye hakukitoa. Baada ya kurejesha, atafute maneno ya kupimia ambayo tutayaweka kwa makusudi ndani ya kila hifadhidata yetu: chang'aa, kung'oa, mũgũnda, Mũrang'a, na nambari ya usajili inayoanza kwa sufuri, kwa kuwa programu za majedwali kama Excel hupenda kuzila sufuri za mwanzo. Yote yakipatikana kama yalivyoandikwa, chelezo kimeelea. Hata moja likikosekana, faili ya asili isiguswe, na makosa yasipuuzwe mpaka yaeleweke. Neno lile la kupuuza makosa na kuendelea lisiruhusiwe kamwe katika kazi ya kamusi.

Tano, makabidhiano ya uongozi yasiwe ya mihuri na funguo tu. Katibu anayeondoka na katibu anayeingia waketi pamoja, warejeshe hifadhidata mbele ya mlezi wa chama, ndipo watie sahihi. Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo ikae nje ya chuo. Haifai flashi diski zote zilale katika droo moja na tarakilishi zinayoilinda.

Hitimisho

Idara zetu hufundisha leksikografia kama sanaa ya kukusanya, kuchambua na kufafanua. Ningependa wahadhiri wetu waongeze sehemu ya nne, kurejesha, na waitahini: mwanafunzi apewe faili isiyo na mkia, aambiwe aitambue, airejeshe, na aandike ni maneno gani yamepotea njiani na kwa nini. Mtihani huo utampa nafasi ya kutumia fonolojia, othografia na historia ya hati kwa wakati mmoja, na atatoka akijua kwamba kiapostrofi si pambo.

Shosho alifariki mwaka 2021, kabla hatujajua kwamba maelezo yake yamepotea. Tulikwenda mazishini tukiwa na amani mioyoni, tukijiambia kwamba angalau maneno yake tunayo. Neno kung'oa limo katika kila kamusi ya Kiswahili, na halihitaji kuokolewa na mtu. Aliyoyasema yeye juu yake mchana ule hayamo popote. Kila mmoja wetu aliyekuwapo anakumbuka kipande, na vipande vyetu havilingani.

Wanachama wenzangu, kabla ya muhula huu kwisha, naomba kila mwenye data ya utafiti, iwe ya tasnifu au ya chama, achukue chelezo chake akakitie majini. Kikielea, tutampongeza. Kikizama, atakuwa bado na ile ya asili mkononi, na wakati wa kurekebisha. Sisi hatukuwa nao.